Mfalme Alirudi, Mamlaka Yakachelewa: Ethiopia Chini ya Jeshi la Uingereza, 1941–1955

Tarehe 5 Mei 1941 Mfalme Haile Selassie aliingia Addis Ababa, miaka mitano kamili tangu majeshi ya Italia yalipouteka mji huo na kumwacha yeye akiwa mkimbizi ugenini. Masimulizi mengi niliyoyasoma nikiwa mwanafunzi yaliifanya siku hiyo kuwa mwisho wa uvamizi, kisha yakaruka hadi mwaka 1963, viongozi wa Afrika walipokutana katika mji huo huo na kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lakini mfalme aliyepokewa kwa vigelegele siku ile hakuwa na hazina, hakuwa na mahakama, hakuwa na reli, na kwa maoni ya maafisa waliomsindikiza hakuwa hata na haki ya kumteua waziri. Mamlaka ya kuitawala Ethiopia yalikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza, nayo yalirudi kwa wenyewe kipande kwa kipande kwa muda wa karibu miaka kumi na minne. Naamini kwamba namna vipande hivyo vilivyorudishwa, na hasa swali la nani aliulizwa na nani hakuulizwa, inaeleza sehemu kubwa ya maumivu ambayo Pembe ya Afrika imeyabeba tangu wakati huo.

Habari hii inatugusa moja kwa moja sisi watu wa Afrika Mashariki. Jeshi lililoivunja nguvu Italia kwa upande wa kusini liliondoka Kenya mwanzoni mwa mwaka 1941 chini ya Jenerali Alan Cunningham, na ndani yake, pamoja na askari wa Afrika Kusini, Nijeria na Gold Coast ambayo leo ni Ghana, walikuwamo askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Kiingereza la askari wa Kiafrika, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland ambayo leo ni Malawi. Mogadishu ilitekwa tarehe 25 Februari, Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na ngome ya mwisho ya Waitaliano, Gondar, ilianguka tarehe 27 Novemba baada ya mapigano makali ya Kulkaber, ambako askari wa Keya walipanda miinuko huku wakipigwa risasi kutoka juu. Wakati huo huo mfalme mwenyewe alikuwa amevuka mpaka kutoka Sudan tarehe 20 Januari, akiandamana na kikosi kidogo cha afisa wa Kiingereza Orde Wingate na kuungana na wapiganaji wazalendo, wale walioitwa arbegnoch, ambao walikuwa wameishi milimani miaka yote mitano bila kuukubali utawala wa Italia. Nchi hiyo, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, ilikombolewa basi na Waethiopia wenyewe pamoja na vijana wa Kiafrika waliotoka katika makoloni, na kisha makamanda wa Kiingereza wakaketi kuamua itawaliwe vipi.

Hata kurudi kwenyewe mjini kulicheleweshwa. Mfalme alifika Debre Markos Aprili, siku zile zile ambazo askari wa Cunningham walikuwa wanaingia Addis Ababa, akazuiliwa huko kwa takriban mwezi mzima. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu kwamba, akiingia mapema, wananchi wangelipiza kisasi kwa maelfu ya raia wa Italia waliokuwa mjini. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni kabisa, kwa maana Addis Ababa ilikuwa bado inakumbuka mauaji ambayo Waitaliano waliyafanya Februari 1937. Hata hivyo, alipofika, jambo alilowahimiza watu wake ni kwamba wasilipe uovu kwa uovu, na kisasi kilichoogopwa hakikutokea. Mtu aliyezuiliwa njiani ndiye aliyekuwa na uwezo mkubwa kuliko wote wa kuutuliza mji.

Kikwazo kikubwa zaidi kilitoka katika sheria. Mwaka 1938, katika kutafuta amani na Mussolini, Uingereza ilikuwa imeutambua rasmi utawala wa Italia juu ya Ethiopia. Kwa hiyo vita vilipokuja na Waitaliano wakafukuzwa, maafisa wa jeshi walifungua vitabu vya sheria za vita na kuiweka Ethiopia katika fungu la nchi za adui zilizotekwa, sawa na Eritrea na Somalia, ambazo zilikuwa makoloni ya Italia tangu karne ya kumi na tisa. Chombo kilichoundwa kuziendesha kiliitwa Utawala wa Maeneo ya Adui Yaliyokaliwa. Nchi iliyokuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, ambayo mfalme wake alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 kuililia dunia, iliwekwa katika daftari la mali ya adui. Brigedia Maurice Lush, naibu afisa mkuu wa siasa aliyekaa Addis Ababa, alishikilia kwamba mfalme hawezi kurejea katika madaraka yake kamili hadi mkataba wa amani utiwe saini na Italia. Ninaposoma hoja hiyo, kinachoniumiza ni kwamba waliopoteza kila kitu kwa kuvamiwa waliambiwa wasubiri saini ya mvamizi.

Msimamo huo haukuwa wa Waingereza wote. Tarehe 4 Februari 1941 Anthony Eden, Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa ameliambia Bunge kwamba serikali yake ingependa kuiona tena Ethiopia huru, kwamba ilitambua dai la Haile Selassie la kiti cha ufalme, na kwamba haikuwa na tamaa ya ardhi nchini humo. Alisema pia kwamba uongozi wa kijeshi wa Uingereza katika sehemu za nchi ungekuwa wa muda. Kati ya ahadi hiyo na utekelezaji wake walisimama wanajeshi na watu wa makoloni, na mkubwa wao alikuwa Sir Philip Mitchell, Afisa Mkuu wa Siasa, aliyeongoza kazi hiyo kutoka Nairobi. Mitchell alikuwa amefanya kazi miaka mingi Tanganyika, kisha akawa Gavana wa Uganda hadi 1940, na baadaye angekuwa Gavana wa Kenya kuanzia 1944 hadi 1952. Alikuwa amezoea kuwatazama watawala wa Kiafrika kama watu wa kuelekezwa na bwana shauri wa Kizungu. Alipomtazama mfalme wa Ethiopia, nadhani aliona jambo lilo hilo katika ukubwa zaidi.

Haki inanilazimu kuutaja upande wao. Vita vilikuwa vinaendelea Libya na Misri, Waitaliano walikuwa bado wana silaha Gondar, nchi ilikuwa imejaa bunduki zilizotupwa na jeshi lililoshindwa, na hapakuwa na kodi iliyokusanywa wala polisi wa kuaminika. Utawala wa kijeshi wa miezi kadhaa ungeweza kutetewa kwa sababu hizo. Nisichoweza kukitetea ni jinsi sababu za dharura zilivyogeuzwa kuwa madai ya kudumu, kwa kuwa masharti ambayo Mitchell aliyapendekeza mwanzoni yangeiacha Ethiopia ikiwa karibu sawa na nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza.

Haile Selassie hakusubiri. Tarehe 11 Mei 1941, siku sita tu baada ya kuingia mjini, alitangaza baraza la mawaziri saba bila kuwaarifu Waingereza. Lush alipinga vikali, na suluhu iliyopatikana ilikuwa kwamba mawaziri hao wahesabiwe kuwa washauri wa utawala wa kijeshi. Kwenye karatasi za Waingereza waliandikwa washauri; mbele ya wananchi walikuwa mawaziri wa mfalme, na mtu mwenye shida alikwenda kwao. Nalitazama tendo hilo kama hatua muhimu kuliko zote katika historia hii. Mfalme alikuwa ameelewa kwamba mamlaka yanayosubiri kibali huzidi kupungua kila siku, akaanza na kile ambacho hakikuhitaji fedha wala askari, yaani kuteua watu. Mmoja wa walioteuliwa, Wolde Giyorgis Wolde Yohannes, Waziri wa Kalamu, yaani mwandishi mkuu wa mfalme na mtunza muhuri wake, ndiye aliyekuwa nguzo ya serikali hiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Mkataba wa kwanza ulitiwa saini tarehe 31 Januari 1942. Uingereza ilikiri kwamba Ethiopia ni dola huru, na kuahidi ruzuku ya pauni milioni 1.5 kwa mwaka wa kwanza na milioni 1 kwa wa pili, kisha 500,000 na 250,000 iwapo mkataba ungeendelea. Ukiusoma haraka utafikiri mambo yameisha. Ukiusoma kwa makini utaona mwakilishi wa Uingereza akipewa nafasi ya kwanza juu ya mabalozi wote. Utaona mfalme akikubali kutowaajiri washauri wengine wa kigeni bila kushauriana na Uingereza. Utaona mkuu wa polisi Mwingereza, na majaji Waingereza, na kanuni kwamba mgeni mwenye kesi anaweza kudai isikilizwe mbele ya Mahakama Kuu yenye angalau jaji mmoja Mwingereza. Reli ya kwenda Djibouti ilibaki kwa jeshi. Ogaden na nyanda za Haud, maeneo ya wafugaji wa Kisomali mashariki mwa nchi, pamoja na ukanda unaopakana na Somalia ya Wafaransa, ambayo leo ni Djibouti, viliitwa Maeneo Yaliyotengwa, na vikabaki chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza.

Fedha nazo zilikuwa zetu. Kuanzia 1942 shilingi ya Afrika Mashariki, ile ile iliyotumika Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, ilikuwa fedha halali Ethiopia, sambamba na reale za Maria Theresa ambazo hata pwani yetu iliwahi kuzitumia sana. Kwa nchi inayotaka kujitawala, kutumia fedha inayosimamiwa na bodi iliyoko London ni kifungo kisichoonekana kwa macho. Waethiopia walilishughulikia jambo hilo kwa uvumilivu: Benki ya Taifa ilianzishwa kwa tangazo la mwaka 1942 na kufunguliwa mwaka uliofuata, na tarehe 23 Julai 1945 dola ya Ethiopia ikatolewa.

Miezi ya 1942 ilijaa kazi ya namna hiyo, isiyo na shamrashamra, na mimi huipenda kuliko sherehe zote za bendera. Gazeti rasmi la serikali, Negarit Gazeta, lilianza kuchapishwa, na sheria zikawa na mahali pa kutangazwa. Agosti mwaka huo ilitoka amri iliyowafanya magavana wa mikoa kuwa watumishi wanaolipwa mshahara na Addis Ababa, badala ya mabwana wanaojikusanyia kodi wenyewe, na mwezi huo huo likatoka tangazo la kufuta utumwa. Ni kweli kwamba amri hizo zilimwongezea mfalme mwenyewe nguvu ambazo hakuwahi kuwa nazo kabla ya 1935, na wananchi wengi wangekuja kulalamika baadaye juu ya nguvu hizo. Lakini kwa wakati ule zilijenga serikali ambayo mgeni asingeweza kudai haipo.

Wakati huo huo mali ilikuwa inatoka. Jeshi lilichukulia mitambo, magari na bidhaa zilizoachwa na Waitaliano kuwa ngawira ya vita, na sehemu yake ilipelekwa Kenya na kwingineko. Huko Eritrea ilibomolewa na kuondolewa ile njia ya kamba za waya iliyosafirisha mizigo kutoka bandari ya Massawa hadi Asmara, zaidi ya kilomita 70 juu ya mabonde na milima. Mwingereza mmoja, Sylvia Pankhurst, aliyewahi kupigania haki ya wanawake kupiga kura, alilipinga jambo hilo kwa miaka mingi katika gazeti lake, na hatimaye alihamia Ethiopia, akafia Addis Ababa mwaka 1960. Hoja ya ngawira ilitegemea ile hoja ya kwanza, kwamba nchi ni ya adui. Mali hiyo ilikuwa imejengwa kwa jasho la wenyeji katika ardhi yao, na fidia ya kwanza ya mvamizi kwao ingepaswa kuwa kuiacha mahali ilipo.

Kuna tukio moja ambalo watetezi wa mfalme hawapendi kulitaja. Mwaka 1943 wakulima na wakuu wa Tigray waliasi, katika uasi unaojulikana kwa jina la Woyane, wakilalamikia kodi na maafisa waliotumwa kutoka katikati. Waasi walipokaribia kulishinda jeshi la serikali, ndege za Uingereza kutoka Aden ziliushambulia mji wa Mekelle kwa mabomu mwezi Oktoba. Serikali iliyokuwa inadai kurudishiwa mamlaka yote iliomba mabomu ya mgeni dhidi ya raia wake. Kumbukumbu hiyo haikufutika Tigray. Vuguvugu lililoibuka huko miaka ya 1970 lilijinasibisha na jina hilo hilo la Woyane.

Mei 1944 Ethiopia ilitoa taarifa ya kuuvunja mkataba wa 1942. Kufikia hapo ilikuwa na marafiki wengine: Mwanasheria Mmarekani John Spencer alikuwa amerudi kuishauri wizara ya mambo ya nje, na Washington ilikuwa imeanza kuonyesha nia. Uingereza ilimtuma Earl De La Warr kuongoza mazungumzo, ambayo yalikuwa magumu na marefu, hadi mkataba wa pili ulipotiwa saini tarehe 19 Desemba 1944. Mwakilishi wa Uingereza akapoteza nafasi yake ya upendeleo, na reli ikarudi. Februari 1945 mfalme alikutana na Rais Roosevelt ndani ya manowari nchini Misri, na baadaye mwaka huo Shirika la Ndege la Ethiopia likaanzishwa kwa msaada wa kampuni ya Kimarekani, wakati miaka mitatu tu iliyopita usafiri wa anga ulikuwa umewekwa chini ya idhini ya Waingereza. Ethiopia ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyoanzisha Umoja wa Mataifa huko San Francisco.

Ogaden na Haud hazikurudi. Katika mkataba wa 1944 mfalme alikubali zibaki chini ya Uingereza kama mchango wake kwa vita, bila kuathiri madai yake ya umiliki, hata baada ya Waitaliano kushindwa kabisa katika eneo hilo. Mwaka 1946 Ernest Bevin, waziri mpya wa mambo ya nje, alipendekeza maeneo yote ya Wasomali yaunganishwe chini ya udhamini wa Uingereza. Wasomali wengi walilipokea wazo hilo kwa matumaini, Ethiopia ililikataa kwa hasira, mataifa makubwa yakaliona kama ujanja wa Uingereza, na likafa. Ogaden ikakabidhiwa Ethiopia mwaka 1948. Mwaka huo huo maandamano ya wafuasi wa Chama cha Vijana wa Somalia mjini Jigjiga yalizimwa kwa risasi.

Hapa naomba msomaji azipange tarehe pamoja nami. Mkataba wa amani na Italia ulianza kutumika Septemba 1947, na Italia ikawa huru kutoka kwa majeshi ya washindi. Japani ilirudishiwa mamlaka yake tarehe 28 Aprili 1952. Ujerumani ya Magharibi ilirudishiwa tarehe 5 Mei 1955. Haud, kipande cha mwisho cha Ethiopia kilichoshikwa na Uingereza, ilikabidhiwa tarehe 28 Februari 1955, baada ya Italia na Japani, na miezi miwili tu kabla ya Ujerumani. Aliyevamiwa mwaka 1935, akapigana upande wa washindi, alimaliza kurudishiwa nchi yake takriban sambamba na walioshindwa. Na Italia, iliyomvamia, ilikabidhiwa tena Somalia mwaka 1950 kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, iisimamie kwa miaka kumi na kuiandaa kwa uhuru.

Eritrea ilisubiri hatima yake chini ya Waingereza hadi tarehe 15 Septemba 1952. Kwa haki niseme kwamba katika miaka hiyo palikuwa na magazeti ya Kitigrinya na Kiarabu, vyama vya siasa na vya wafanyakazi, na bunge lililochaguliwa mwaka 1952, mambo ambayo Waitaliano hawakuyaruhusu kamwe. Lakini uamuzi wa kuiunganisha na Ethiopia katika shirikisho ulikuwa umepitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Desemba 1950, kwa kura 46 dhidi ya 10, bila Waeritrea wenyewe kupiga kura ya maoni. Mwaka 1962 Addis Ababa ililifuta shirikisho hilo. Vita vilikuwa vimeanza mwaka mmoja kabla, vikadumu miaka thelathini, na kura ya maoni ambayo ingeweza kupigwa mwaka 1950 ilipigwa Aprili 1993.

Mimi simlaumu Haile Selassie kwa kudai kila kipande alichokiona kuwa cha nchi yake. Alidai kwa akili na subira, na kama asingeanza kudai Mei 1941 huenda Ethiopia ingefanywa himaya ya Uingereza. Lawama yangu iko kwa mpango wenyewe, ambao uliyahesabu mamlaka kuwa mali ya kupokezana kati ya kasri na ofisi ya London. Walioketi mezani waliyapata waliyoyatafuta. Wafugaji wa Haud, ambao kila mwaka hufuata mvua na mifugo yao kuvuka mstari uliochorwa mwaka 1897 kati ya Ethiopia na Somaliland ya Waingereza, waliwahi kuweka mikataba ya ulinzi na Uingereza miaka ya 1880, na wazee wao waliamini kwamba mlinzi hawezi kuigawa ardhi ya anayemlinda. Waliposikia makubaliano ya tarehe 29 Novemba 1954, ambayo yaliikabidhi Haud kwa Ethiopia, walituma ujumbe London na kisha Umoja wa Mataifa, lakini makubaliano hayakubadilika. Walichopewa ni maafisa wachache wa Kiingereza watakaobaki kuangalia haki zao za malisho, na mpango huo ukakoma Waingereza walipoondoka Somaliland mwaka 1960. Mwaka 1964 Ethiopia na Somalia zilipigana mpakani, na mwaka 1977 zikaingia vitani kwa ajili ya Ogaden yenyewe. Katika mikataba yote, ule wa 1942, wa 1944, wa 1948 na wa 1954, wafugaji hao hawakupewa nafasi ya kuketi mezani wala ya kutia saini.